Daftari la Kisigino

Jumatatu. Kilomita tatu. Hakikuuma.
Nimefuta.
Jumatatu. Kilomita tatu. Kiliuma kidogo,
kama mlango ubishwao polepole
na mtu ajuaye kuwa ndani mna watu.

Kuze bado ina usingizi. Wanaume washarudi msikitini,
kanzu zimenyooka,
nami natoka na raba zilizolika upande mmoja,
upande wa nje, mguu wa kushoto.
Kadzo wa hospitali alizipindua akazisoma kama barua.
"Wewe wakanyaga kwa hasira," akanambia.
Ana vidole vya kukanda unga wa mahamri,
na pale alipobonyeza, juu kidogo ya kisigino,
niliona nyota saa nne asubuhi.

Nina miaka arobaini na miwili, watoto watatu,
na kazi ya kuandika nyaraka za mizigo Shimanzi:
makontena ya watu, hata moja si langu.
Changu ni kilomita ishirini na moja
na zile mita tisini na saba na nusu za mwisho
ambazo hazitajwi
ila na aliyezikimbia.

Bi Mwanaisha yuko dirishani.
"Hivyo wewe, kila siku, wamkimbia nani?"
Nacheka. Sijamwambia.
Sukari ilianza na kidole gumba cha baba,
ikapanda.
Alipofariki viatu vyake vya kulia
vilikuwa vipya vyote.

Nilijua lini? Nilijua darajani Nyali,
wiki ya nane, kilomita ya kumi na moja,
jua la saa moja na nusu lishaota meno,
mtandio umenigandia shingoni.
Kano lilisema mara moja, kwa adabu.
Nikalipita.
Likasema tena Kongowea, baina ya mikokoteni ya vitunguu,
na vijana wakinipisha, "Mama, songa, songa!"
Nikasonga. Nikajiambia nitageuka Bombolulu.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,
tulifundishwa hivyo chuoni.
Hatukuambiwa kwamba mkuu mwenyewe
ni guu.

Basi sasa nashuka na kupanda ngazi moja,
visigino vyaning'inia ukingoni,
kumi na tano asubuhi, kumi na tano usiku.
Mselem hupita na kikombe chake cha kahawa tungu:
"Wapanda wapi, mke wangu, mwezi mzima hufiki?"

Ndani ya friza, kando ya barafu za ukwaju
niwauziazo watoto wa madrasa,
mna chupa ya maji iliyoganda jiwe.
Jioni naibiringisha chini ya unyayo,
huku na huku, hadi taarifa ya habari iishe.
Juzi mtoto mmoja aliiona.
"Ile kubwa ni pesa ngapi?"
"Ile ni ya mguu."
Akafikiri.
"Nipe ya ukwaju."

Dakika moja mbio, mbili mwendo: amri ya Kadzo.
Hizo mbili ndizo ndefu.
Mama Ngina, wenzangu wa Jumamosi wananipita kwa kundi,
Kibibi mbele, kainua mkono bila kugeuka,
na pumzi zao, zote pamoja,
zapita kama harusi ambayo sikualikwa.
Natazama saa. Sekunde arobaini bado.
Wivu nao una jasho lake.

Zimebaki wiki tatu.
Namba ya kifuani iko chini ya kitambaa cha meza,
nimeilalia vitabu isijikunje.
Pengine nitaivaa. Pengine nitasimama kilomita ya kumi na saba
nikigawa maji, nikipiga makofi kwa uongo nusu, kweli nusu.
Kadzo hasemi. Huniambia, "Tuonane Jumanne."

Leo, baada ya mnara wa taa,
kati ya nguzo ya tisa na ya kumi,
zilikuwako hatua kama thelathini
ambazo mguu haukuwa na neno,
wala mimi,
wala barabara.

Alhamisi. Kilomita tatu na robo.
Kisigino kilikohoa.
Nikageuka.